Supu ya Maua Mawili

Mume wangu Tokuji alishushwa na paa mwezi wa pili. Nasema alishushwa kwa sababu hakuanguka; mtu aliyepanda mapaa miaka hamsini haanguki. Theluji ndiyo iliyochoka kukaa juu, ikaondoka, naye alikuwa amesimama juu yake na sepetu mkononi. Mimi nilikuwa jikoni nakata figili. Nikasikia kishindo nje, nikajisemea, afadhali, kazi inakwenda. Nikaendelea kukata. Nilikata figili nne nzima kabla ya kutoka kumwita aje anywe chai.

Baada ya mazishi watu wa kijiji chetu, Numajiri, walinisubiri nilie. Walikuja wawili wawili, na mabakuli yao ya kachumbari ya chumvi, wakakaa, wakanitazama usoni kama watu wanaosubiri basi. Mimi nilishafiwa na mume wa kwanza kule pwani nilikozaliwa, na nyumba yangu ya kwanza ilikwenda na maji. Basi wakadhani nina uzoefu. Mtu aliyefiwa mara mbili hutarajiwa awe fundi. Kumbe fundi mwenyewe amekaa kama gogo, anamimina chai. Mama mmoja alipofika mlangoni akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia, "Huyu hana machozi, ana chai tu." Sikukasirika. Lilikuwa neno la kweli, na chai yenyewe haikuwa mbaya.

Huzuni naijua, tumewahi kuishi nyumba moja. Hii haikuwa huzuni. Ukiukalia mguu vibaya kwa muda mrefu, ukaugusa, unajua ni wako, lakini habari hazifiki. Ndivyo nilivyokuwa, kuanzia utosini. Nilikuwa nimekufa ganzi mzima mzima, nikaendelea kufua na kupika.

Tulibaki wawili katika nyumba ile: mimi na Mama Ine, aliyemzaa Tokuji. Ana miaka themanini na sita, na macho yake yamebaki ya kutofautisha mchana na usiku tu. Siku ya arobaini na tisa ilipopita, roho ya marehemu ikishaagwa, Mama akaacha kula. Hakugoma, hakununa. Alikula uji mara mbili kwa ncha ya vijiti, akaviweka chini, akasema, "Imetosha." Asubuhi imetosha, mchana imetosha, jioni imetosha. Akaanza kukonda hadi kola ya kanzu yake ikawa kubwa kama mdomo wa ndoo.

Binti yake, Sumie, anakaa mjini Sendai. Akapiga simu Jumatano.

"Wifi, Mama anakula?"

"Anaonja."

"Sikuuliza kuonja. Nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee hapa karibu na kwangu. Wana daktari, wana wapishi. Nakuja Jumapili. Nikimkuta bado hali, naondoka naye."

"Sawa, wifi."

"Ndiyo hivyo tu? Sawa?"

"Ungependa nisemeje?"

Akakata simu. Sikumlaumu, kuzungumza na mimi siku zile ilikuwa kama kugonga mlango wa ghala.

Nilijua maana yake. Sina mtoto, sina ndugu aliye hai. Mama akienda Sendai, nyumba itabaki na mimi na picha ya Tokuji, na picha haili. Nilijua kwamba jambo hilo lilipaswa kunitisha. Nikaisubiri hofu jioni nzima. Haikuja. Lakini mtu hufunga dirisha akiona wingu, hata kama hajali kulowa. Nikajiambia, mwanamke huyu lazima ale kabla ya Jumapili.

Ijumaa asubuhi nikampelekea uji. Akausukuma.

"Sitaki uji. Nataka supu ya maua mawili."

Maua mawili ndiyo mboga ya kwanza ya bonde letu. Huchomoza ukingoni mwa kinamasi wakati theluji bado imelala kivulini, majani yake yamechanika kama vidole, na kila shina hubeba maua mawili meupe: moja hutangulia, jingine huchelewa nyuma kama mdogo mtu. Kuichuma ilikuwa kazi ya Tokuji na Mama. Mimi ni mtu wa pwani, nipe samaki nitakwambia ameamka saa ngapi. Majani waliniletea tayari, nikapika. Isitoshe, mahali penyewe sikupajua. Kwetu mtu atakwambia ugonjwa wake na dhambi za babu yake, lakini mahali pake pa kuchumia hakwambii, hata kama mnalala godoro moja. Tokuji alikwenda kwa njia hii akarudi kwa ile, miaka thelathini na moja, kama mtu mwenye hawara.

"Mahali penyewe sipajui, Mama."

"Nitakuelekeza."

Nikaweka kitambaa chini. Si jambo la kuambiwa huku unafuta meza.

"Unanielekeza kwa sababu unakwenda Sendai?"

"Nakuelekeza kwa sababu nina njaa, we mwanamke. Unataka au hutaki?"

"Nataka."

"Haya. Fuata njia ya mbao mpaka upite migomba ya maji. Kuna miti mitatu iliyotoka shina moja. Chini yake kuna maua ya mtawa, yale mekundu yaliyokolea hadi kuwa meusi, yamekaa kwenye mashimo ya theluji."

"Yale yenye joto."

"Hayo. Yanajiyeyushia theluji yenyewe, hayamsubiri mtu. Hapo uache mbao, upande na kijito hatua arobaini."

"Hatua zangu au zako?"

"Za Tokuji."

Halafu akanyoosha kidole kuelekea pale alipodhani nipo, akakosea kidogo, akamnyooshea kabati.

"Na uchume moja moja. Lenye tumba jeupe, chukua. Lisilo na tumba, liache, hata likikuchekea."

"Kwa sababu ya kofia."

"Kwa sababu ya kofia."

Kofia ni sumu. Wakati wa kupukutika majani hutoa ua la zambarau lenye umbo la kofia, na hapo hata mlevi atalitambua. Lakini theluji ikiyeyuka huwa majani tu, yamechanika vilevile, tena huota kitanda kimoja na maua mawili, bega kwa bega. Mizizi yake ndiyo mababu waliyopaka kwenye mishale, na dubu akaanguka. Tofauti ni tumba. Kofia haina tumba majira hayo. Kila mtoto wa Numajiri analijua hilo kabla hajajua kufunga viatu.

Nikachukua kikapu na mundu mdogo. Kwenye njia ya mbao nikamkuta Genzo, rafiki wa marehemu, amepiga magoti anabadilisha mbao zilizovunjwa na theluji.

"Shemeji. Unakwenda wapi na kikapu?"

"Kuoga."

"Na mundu?"

"Mgongo wangu mchafu sana."

Akacheka, kisha akakumbuka kwamba mimi ni mjane, akaacha. "Tokuji aliniambia kila mwaka kwamba anakwenda kuwaangalia dubu."

"Basi na mimi nakwenda kuwaangalia dubu."

"Wasalimie. Waambie wasinivunjie mbao." Akageuka akanipa mgongo, akautazama mlima, akaanza kuhesabu misumari kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili asione nashika njia ipi. Ndiyo adabu yetu. Mtu mwema hahitaji kuambiwa afumbe macho.

Migomba ya maji ilikuwa imetoka yote. Sijui nani aliyeuita mgomba. Hauzai kitu ila harufu. Maji ya kinamasi ni meusi, na juu yake yale maua meupe yalisimama mamia kwa mamia, kila moja limejifunika shuka lake, na katikati yake maua madogo ya manjano yameangaza kama siagi. Kila mwaka Tokuji alinikokota niyaone. Kila mwaka nilimwambia, mazuri, lakini yananuka kama kibanda cha samaki, naye alifurahi kana kwamba nimemsifia mwanawe. Mwaka huu nikayatazama. Yalikuwa meupe. Ndiyo hayo tu niliyoyaona: meupe.

Nikapata miti mitatu, nikapata watawa kwenye mashimo yao, nikapanda na kijito kwa hatua ndefu za mtu mrefu, nikijikwaa. Hatua ya thelathini na nane, hapo. Kitanda cha kijani kikubwa kama mikeka sita, kimelowa, kinameremeta.

Nikaanza vizuri. Moja, natazama tumba, nakata. Moja, natazama, nakata. Maji ya theluji yalikuwa yakipita juu ya mikono yangu, na baada ya muda vidole vikawa si vyangu. Nilikuwa na konzi mbili tu kikapuni. Nikatazama kitanda kilivyo kikubwa na kazi ilivyo ndogondogo, nikachoka. Si kuchoka mwili. Nikashika fungu zima, nikapitisha mundu. Nikashika jingine. Sitaki kusema sikujua. Nilijua. Ila kujua kwenyewe kulikuwa mbali, kama redio ya jirani.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amekaa wima karibu na jiko la mafuta, amejifunga aproni. Alikuwa hajaifunga tangu mazishi.

"Umechambua?"

"Nimechambua."

Nilisema hivyo kama mtu anavyosema hajambo. Uongo ule haukunigharimu hata pumzi. Angeniambia nimpe kikapu, vidole vyake vingechambua jani kwa jani. Lakini mtu akikwambia amechambua, kumpokonya ni kumtukana, na Mama hajawahi kunitukana kwa jambo la jikoni.

Nikapika. Tofu, miso ya soya iliyochachushwa, yale majani yakatupiwa mwisho ili yasipoteze rangi. Nyumba ikanuka kijani.

Katika nyumba hii aliyechuma ndiye huonja kwanza. Wengine hungoja birika la maji baridi litiwe jikoni hadi lichemke, ndipo nao hula. Ni desturi ya kabla ya Mama, ya kabla ya mkwe wake. Mama mwenyewe akapapasa, akajaza birika, akaliweka juu ya jiko. Nikajipakulia nusu bakuli. Lake likakaa mbele yake likitoa mvuke, naye ameinamisha uso juu yake.

"Ladha ikoje?"

"Ya majani."

"Tokuji alisema ni ladha ya theluji iliyoiva."

"Tokuji alisema mengi. Alisema pia paa halina haja ya kamba."

Nilidhani nimekosea. Lakini Mama alicheka, kicheko kikavu, mabega yakapanda na kushuka. "Baba yake alikuwa hivyohivyo," akasema. "Alisema daraja halina haja ya taa. Tulimtoa mtoni na baiskeli yake." Akavishika vijiti, akavigonga mezani kuvisawazisha. Akameza mate, nikaona kwamba ni njaa. Anataka kula. Nikaona hilo, nikalipokea kama risiti.

Nikamaliza supu yangu. Midomo ikaanza kuchezacheza, kama umetafuna pilipili ya mlimani. Kisha ikatulia, ikawa mbao. Sikushtuka. Ningeshtuka kwa nini? Ganzi haikuwa mgeni kwangu. Niliona imeendelea kidogo tu, imefika midomoni.

Birika likaanza kulia.

Mama akavuta bakuli lake. "Haya. Mdomo wako ukoje?"

Ni swali la desturi, na jibu lake ni la desturi: mzima, karibu chakula. Nilishafungua kinywa kulitoa. Sijui kwa nini halikutoka. Labda uongo mmoja kwa siku ulinitosha.

"Umekufa ganzi," nikasema.

Vijiti vilisimama juu ya supu. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili, Mama."

"Na ulimi?"

Nikautafuta ulimi. Niliusukuma kwenye meno ya mbele, nikangoja habari.

"Ulimi... ulimi tangu sasa hivi."

Sijawahi kuona mwili wa miaka themanini na sita ukienda kasi vile. Bakuli lilikwenda upande mmoja na meza upande mwingine. Alinikamata ukosi wa shati, akaniburuta hadi kwenye sinki huku akigonga kila kona ya nyumba anayoijua kuliko kiganja chake, na vidole vyake viwili vikaingia kooni mwangu hadi nikadhani anatafuta kitu alichopoteza. Supu ikatoka. Akanimiminia maji, akarudia. Huku mkono wake mmoja ukiwa bado umenishika nywele, mwingine ukabonyeza simu.

"Genzo. Acha misumari, lete gari. Mkwe wangu amekula kofia. Huyuhuyu, nina mwingine?"

Ndani ya gari dogo la mizigo tulibanana watatu. Ganzi ilikuwa imeshuka kwenye mikono na miguu, na moyo wangu ulipiga kama mtu anayeshuka ngazi, anakosa moja, anasimama, anashuka mbili kwa pamoja. Genzo alitazama barabara mbele, lakini masikio yake yote yalikuwa kwetu.

"Ulifanya makusudi?" Mama akauliza.

Nikafikiri. Lilikuwa swali la haki.

"Sikutaka kufa, Mama. Nilichoka kutazama moja moja."

"Na mimi ningekula."

"Ungekula."

"Uliliwaza hilo?"

"La. Sikuliwaza."

Gari likaruka shimo. Mama alishikilia mlango hadi tulipopita shule.

"Bora ungenichukia," akasema. "Anayekuchukia angalau anakutazama."

Genzo akapangusa pua kwa mkono wa koti na kuongeza mwendo.

Walinifunga nyaya kifuani siku mbili. Mashine ilikuwa ikichora moyo wangu kwenye kioo, na daktari kijana alikuja kuutazama, uso wake ukiwa na wasiwasi, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Mama alikataa kwenda nyumbani. Wakampa kiti, kisha wakampa kitanda cha kukunja. Chakula changu kilipoletwa sikuweza kukimeza, nacho kikawekwa palepale. Mara ya kwanza aliuliza ni nini. Nikamwambia: uji, samaki, plamu ya chumvi. Akasema chakula cha watu kisitupwe, akala. Mara ya pili hakuuliza.

Jumapili saa nne Sumie akaingia, ufunguo wa gari bado mkononi. Alishapita nyumbani, akakuta meza imepinduka na supu imekauka kwenye mkeka, na majirani wakamsimulia yaliyobaki kwa ukarimu wao.

"Wifi," akasema, hakuketi. "Ulitaka kumuua mama yangu?"

"Punguza sauti," Mama akasema toka kona. "Ninakula."

Sumie akageuka. Mama alikuwa na bakuli langu mapajani, mdomo umejaa, kokwa ya plamu ameibana shavuni.

"Mama... unakula."

"Chumvi haitoshi. Lakini nakula."

"Nimekuja kukuchukua."

"Siendi."

"Nafasi wameishika kwa ajili yako."

"Mpe wifi yako, ndiye mgonjwa. Mimi sina hata mafua."

"Mama, alikupikia sumu. Ungekuwa umelala pale sasa hivi, si yeye."

"Hakutazama alichokichuma. Ukimwacha peke yake huyu, wiki ijayo atakula sabuni." Akatema kokwa kwenye kiganja. "Nina kazi, Sumie. Sijawa na kazi tangu ndugu yako afe."

Sumie akatazama ukuta kwa muda. Ana uso wa Tokuji, ila umepigwa pasi. Hatimaye akanigeukia mimi.

"Na wewe? Niambie ukweli. Unaweza kumtunza?"

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu, nami nilijua. Neno moja tu, naweza, nalo lilikuwa tayari mdomoni, limekaa palepale lilipokaa lile nimechambua. Mashine ikapiga pii, pii. Mama aliacha kutafuna.

"Siwezi," nikasema. "Tangu Tokuji afe sihisi kitu, wifi. Nyundo ikinidondokea mguuni nitaiokota tu. Nikisema nitamtunza, nitakuwa nakudanganya. Kupika naweza, kama yeye atachambua. Kufua naweza. Kumwambia ukweli akiniuliza, hilo nitajaribu."

Nilidhani nimempeleka Mama Sendai kwa mdomo wangu mwenyewe, na hata hilo nililitazama kwa mbali.

Sumie akaketi pembeni ya kitanda, juu ya mguu wangu. Akautoa ufunguo mkononi, akauweka kwenye mkoba.

"Angalau umejibu," akasema. "Miezi miwili nazungumza na ghala." Akapangusa macho haraka, kama mtu anayefukuza nzi. "Mpaka mvua za mwezi wa sita. Nitakuja kila Jumapili ya pili. Nikimkuta amepungua hata kilo moja, sisikilizi la mtu. Na majani, basi. Hakuna kuchuma majani."

"Tutachuma," Mama akasema.

"Mama."

"Nitachambua mimi. Wewe njoo ule."

Jumatatu Genzo akaturudisha. Nilisugua mkeka hadi doa likawa kivuli. Midomo yangu ilikuwa imerudi. Niligusa kikombe nikajua ni cha moto. Mengine hayakurudi. Nilikaa mbele ya madhabahu ya Tokuji nikawasha ubani, nikangoja kidogo kwa adabu, nikainuka.

Nilipika wali, yai, na mwani. Mama akala. Nilimtazama akipeleka vijiti mdomoni, akitafuna kwa meno yake sita, akimeza, koo likipanda na kushuka chini ya ile kola kubwa. Sikufurahi. Nisingependa mdhani nilifurahi. Niliona tu kwamba mtu mzima amekaa mbele yangu, anatafuna, na kwamba jioni atataka tena.

Akanyoosha bakuli, safari hii upande wangu hasa.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza.